Vidole vya Mama Chancelle

Mwezi wa kumi, tarehe 24

Thierry anasema mashini isiposhikwa wakati wa mvua inaoza ndani. Unyevu unaingia chini ya tushi, zile za kubonyeza herufi, na siku moja haiamki tena. “Ni kama mbuzi, Papa. Ukimufunga, lazima umulishe.” Basi nitailisha kila siku kidogo. Sina kitu cha kuandika. Nitaandika siku.

Mimi ni Ruben. Nabeba mizigo ku port ya Kalemie. Muke wangu Florentine amekufa mwezi huu kwa kolera. Mashini ni yake.

Tarehe 25

Mvua. Simenti haikushushwa.

Tarehe 26

Niseme namna mashini iko. Ni kompyuta ya kukunja. Florentine alikuwa na kibanda cha sekretaria pembeni ya soko, yeye na Thierry, kijana mwenzake wa kazi. Watu wanaleta maneno yao, yeye anaandika, Thierry anatoa kwa karatasi. Barua za kuomba kazi. Matangazo ya vifo ya kusoma kwa radio.

Programu yake ya kuandika haina picha. Ekran nyeusi, maandishi ya kijani, basi. Thierry haipendi, yeye anatumia ingine. Anasema ile ni programu muntu anaifundisha kazi. Unaionyesha mara moja, haisahau.

Vidole vyangu ni vikubwa. Mifuko imevipasua. Nikitafuta herufi moja zinakuja mbili. Mustari mumoja unanikalisha hapa mpaka sahani inapoa.

Tarehe 28

Jana niliogopa. Naandika asubuhi, kwa sababu jioni sikuweza.

Juu ya klavie kuko mustari wa tushi ndogo zenye F na hesabu. Vumbi ya simenti ilikuwa imekaa pale. Nikapitisha kidole gumba kuipangusa. Mashini ikaanza kuandika peke yake. Sijagusa kitu kingine. Iliandika hivi:

Jamaa kubwa ya marehemu inatangaza kwa huzuni, kwa ndugu, marafiki na majirani wote, kifo cha

Ikasimama hapo. Kile kijiti kidogo cha mwanga kikawaka, kikazima, kikawaka. Kinangoja jina.

Nikaifunga kwa nguvu. Mutoto wangu Chancelle akatoka jikoni. Yeye ni mukubwa sasa, anauza mikate.

“Papa, nini?”

“Mama yako ameandika.”

“Wapi, Papa. Ni mambo ya umeme.”

“Umeme hakuna toka juzi. Ni bateri.”

Hakucheka. Alikaa mulangoni, unga kwa mikono.

Nyumba hii tumebaki wawili. Nikafikiri: ni jina gani inataka?

Tarehe 29

Nilipitia kwa Thierry mbele ya kazi. Nikamueleza. Alicheka, kisha akaona uso wangu akaacha.

“Papa Chancelle, ile ni rakursi. Njia ya mukato. Mama alichoka kuandika maneno yale yale. Akafundisha mashini: nikigusa F5, andika tangazo la kifo. Hapa kwetu watu wanakufa mingi. Maneno ni mamoja, jina tu linabadilika.”

“Kwa hiyo si yeye.”

“Ni yeye. Alifanya mwaka uliopita. Lakini si leo.”

“Ziko ngapi?”

“Sijui. Alizifundisha mwenyewe, mimi nilikuwa kwa karatasi. Utazikuta. Lakini usipige F yoyote kwa hasira.”

Kazini Doudou amesikia sijui wapi. “Muone sekretere! Papa Ruben, utaniandikia barua kwa gavana?” Nikamuambia abebe mufuko wake.

Mwezi wa kumi na moja, tarehe 2

Siku ya wafu. Chancelle alienda misa na maua. Makaburi ya kolera yako upande wao, mbali, na waya. Maua tuliyaacha kwa waya.

Wale wa hospitali walimufunga ndani ya plastiki, wakamumwagia dawa, wakamuzika siku ile ile. Walikuwa na buti. Hakuna muntu alimuosha. Hakuna muntu alimugusa. Mimi nilisimama nyuma ya kamba.

Tarehe 4

Nimekuta mbili.

Kuko tushi inaitwa Kontrol. Ukiishika na kupiga k, mustari wote unakatwa. Hivi tu, kama panga. Nilipoteza maneno ya siku nzima. Nikatukana.

Halafu kidole kikateleza, Kontrol na y. Mustari ukarudi. Nikakata tena. Nikarudisha tena. Kumbe mashini ikikata haitupi. Inaficha mahali.

Niliifanya mingi sana leo. Chancelle akasema, “Papa, unacheza?” Nikakata mustari mungine.

Tarehe 5

Mvua na upepo. Ziwa limepanda, nyumba za chini wamehamisha vitanda.

Tarehe 9

Hii nitaiandika yote.

Nilirudi toka port, nimelowa. Chancelle alikuwa ameacha ugali na dagaa chini ya sahani. Sikuwa na njaa. Nilikaa kwa mashini. Nilitaka kuandika “kazi ilikuwa nyingi.” Kidole changu kikapiga k mara mbili, kama kawaida yake, nikagusa tushi ndefu ya kuacha nafasi. Zile k mbili zikapotea. Pale pale pakatokea:

Papa Chancelle, kula kwanza.

Sikusonga. Ile si sauti, ni maandishi, lakini niliisikia na sauti yake. Miaka yote nikiingia mulangoni na matope, kabla sijafungua kinywa, yeye anasema hivyo. Nikiwa na hasira, kula kwanza. Nikiwa na habari mubaya, kula kwanza. Siku muzee wangu alikufa nilikuja kumuambia, akasema kula kwanza, nikala, ndiyo nikamuambia.

Nikainua sahani. Nikala yote. Dagaa zilikuwa baridi. Nilikuwa natazama mulango.

Chancelle akaingia akanikuta. “Leo umekula!” Nikamuonyesha ekran. Akasoma. Akaweka mukono kwa kinywa akatoka inje, kwa mvua.

Tarehe 10

Thierry anasema hiyo njo ya kwanza kabisa. Siku Florentine alipoanza kujifunza, yule aliyemuuzia mashini alimuambia: ifundishe neno unasema kila siku. Akafikiri kidogo. Akaifundisha hilo.

Tarehe 11

Nimepiga k mbili. Nimekula.

Tarehe 12

Vile vile.

Tarehe 20

Nimekuta ingine. Kontrol na kale kamustari kamelala upande. Inarudi nyuma. Kila ukipiga, kitu cha mwisho ulifanya kinafutika, na cha mbele yake, na cha mbele yake tena. Nilipiga mpaka ukurasa ukabaki mutupu. Nikaendelea kupiga. Mashini ikaandika chini, kwa kifaransa, kwamba hakuna tena.

Inarudi mpaka pale ilifunguliwa. Kupita hapo haiwezi.

Mwezi wa kumi na mbili, tarehe 6

Isidore amefika na bwato toka Mpala, kijiji chao. Ni kaka ya Florentine. Ameshuka na mukeka wake na hasira yake. Hakunipa mukono.

“Dada yangu mulimuzika kama mbwa.”

“Shemeji, walimuzika watu wa hospitali. Maiti ya kolera haipandi bwato. Hata wewe wangekukataza.”

“Mama yetu amezikwa Mpala, baba amezikwa Mpala. Yeye iko wapi? Nyuma ya waya!”

Chancelle akaleta kiti. “Mujomba, kaa.” Akakaa. Alikula bila kuangalia sahani.

Kisha akasema sababu ya kuja. Mwezi wa tatu, mvua ikipungua, tutaondoa matanga. Siku hiyo vitu vya dada yake vitarudi Mpala. Jembe, sufuria, vikwembe vyake vya kuvaa. Na mashini.

“Mashini hapana,” nikasema.

“Wewe utafanya nini nayo? Unabeba simenti. Mutoto wangu Princesse anaandika ku misioni, atajua kazi yake.”

“Naandika.”

“Unaandika nini?”

Ningemuambia nini? Naandika mvua.

Tarehe 7

Isidore amerudi Mpala. Ni muntu wa tamaa. Nimesema.

Tarehe 14

F6.

Niliiogopa tangu ile ya F5. Leo nimepiga kwa kutaka.

Hii haimwagi maneno mara moja. Hii inatembea. Kile kijiti cha mwanga kilipanda mpaka juu ya ukurasa, kikaenda kuume kabisa, kikasimama kama muntu anavuta pumzi. Halafu herufi moja, moja. M. p. a. l. a.

Mpala.

Kikakaa. Halafu kikaanza kufuta. a. l. a. p. M. Pole pole, mpaka pakawa patupu. Halafu kikaandika Kalemie, na alama, na tarehe ya leo. Kikashuka mustari mumoja. Basi.

Nikapiga tena. Mpala. Inafuta. Kalemie.

Tena. Mpala. Inafuta. Kalemie.

Ile F5 ni maneno. Hii ni vidole. Ninavijua. Hata kwa kushona alikuwa hivyo, anaanza, anasimama, anafumua, anaanza tena.

Tarehe 15

Thierry ameeleza. Iko namna ya kuambia mashini: angalia vidole vyangu. Inaangalia. Kila tushi unagusa inaishika, na kosa, na kufuta kosa, na kusimama kwako. Kisha unaiambia: fanya kama mimi. Kila barua inahitaji mahali na tarehe, alichoka kuandika; tarehe mashini inaichukua kwa saa yake. Alishikisha mara moja tu.

“Na ile Mpala?”

“Alikosea, Papa. Akafuta. Mashini ikashika vyote.”

Muteja akaingia, tukaachia hapo.

Nilirudi kwa miguu. Tumekaa Kalemie toka Chancelle hajazaliwa. Na vidole vyake vilienda Mpala kwanza. Mimi Mpala sijafika hata siku moja. Alikuwa anasema twende, nasema kazi. Sasa hata akiwa mufu hakwenda.

Kila siku, kila barua, alitaka kwenda. Na mimi nilidhani iko nyumbani.

Tarehe 25

Noeli. Chancelle aliimba kanisani. F6.

Tarehe 31

F6.

Mwezi wa kwanza, tarehe 8

Maji yameingia mpaka kwa jirani. Niliinua mashini juu ya kabati. Jua hakuna, pano ya jua haileti umeme, bateri iko chini. Nilibeba mashini kwa plastiki mpaka kwa Thierry kuijaza. Doudou akanikuta njiani. “Unabeba mutoto?” Nikasema ndiyo.

Tarehe 13

Chancelle ameongea.

“Papa, k mbili ilikuwa inakulisha. Nilishukuru. Lakini hii ingine inakula wewe. Unakaa hapo, unapiga, unatazama, unapiga. Hata haiandiki barua. Inaandika Kalemie, Kalemie, ukurasa muzima.”

“Ni mama yako.”

“Ninajua ni mama! Mimi simutaki hivyo. Anakuja, anafutika. Anakuja, anafutika. Kila jioni unamuzika mbele yangu.”

Akaenda kwa mikate yake. Sikupiga leo. Vidole vinawasha.

Tarehe 14

Nimepiga.

Tarehe 27

Amekuja Mama Agnès. Ni dada mukubwa wa mama ya Florentine na Isidore, njo anaongoza mambo ya matanga kwa jamaa ile. Muzee, mufupi, anatembea na fimbo lakini haitumii. Chancelle njo alimuita, nimejua baadaye.

Alisema nimuonyeshe. Nikapiga F6. Alitazama yote mpaka mwisho. Hasomi, lakini alitazama.

“Hiyo ya kwanza imeandika nini?”

“Mpala.”

“Na hii imebaki?”

“Kalemie.”

“Unafanya hivi kila siku?”

“Ee, Mama.”

“Basi kila siku unamuita kazini. Mutoto wa watu alifanya kazi akiwa muzima, na sasa unamuita tena, njoo andika, njoo futa. Ruben. Hata mufu anachoka.”

Nikamuambia mambo ya Isidore na mashini. Akasikiliza macho yamefungwa. Halafu akaniambia desturi yao.

Kwao jembe la mwanamuke aliyekufa halibaki na mupini. Siku ya kuondoa matanga wanaling'oa. Chuma kinapewa mwanamuke wa tumbo lao, atatia mupini wake mupya, atalima. Lakini ule mupini wa zamani, ule mikono ya mufu imeulainisha, unarudi kwao kuzikwa na wazee. Mikono iko ndani ya mupini, anasema. Ukiuacha kwa jembe, kila mwenye kulima atalima na mufu mugongoni.

“Chancelle ametoka tumbo gani?” akauliza.

“La Florentine.”

“Na Florentine?”

“La kwenu.”

“Basi chuma kina mwenyewe. Isidore nitaongea naye. Lakini mupini, Ruben, mupini unatoka. Na ni wewe utautoa.”

“Mashini haina mupini, Mama.”

Akanyoosha kidole kwa ekran. “Na hiyo uliyonionyesha ni nini?”

Tarehe 28

Mvua mubaya. Sikuandika zaidi.

Mwezi wa pili, tarehe 3

F6. Nimeitazama kama muntu anatazama bwato linaondoka.

Tarehe 15

Isidore amekuja kwa mambo ya kuandaa. Nilikuwa tayari kwa ugomvi. Akavuta kiti, akakaa. Mama Agnès amekwisha kuongea naye.

“Wanasema dada iko ndani ya ile kitu. Nionyeshe.”

Nikapiga. Herufi zikaanza. Alipoona Mpala alisimama, kiti kikaanguka.

“Unaona! Unaona! Mpala njo ya kwanza! Mimi nilisema!”

Halafu kijiti kikaanza kufuta. a. l. a. Isidore akanyoosha mukono kwa ekran kama muntu anazuia mulango. p. M. Pakabaki patupu. Akavua kofia.

“Rudilia,” akasema.

Nikarudilia.

“Rudilia, shemeji.”

Tulirudilia mpaka bateri ikakufa. Yeye na mimi, mbele ya ekran nyeusi. Nikaona machozi yake yameingia kwa ndevu. Nilikuwa nimesema ni muntu wa tamaa. Hakuwa na hasira ya vitu. Alitaka maiti yake, na hakuna muntu wa kumupa.

Chancelle akaleta chai. Isidore akasema, “Ulikuwa unamupenda dada yangu?”

“Ee.”

“Hukumuleta hata mara moja.”

“Hapana.”

Alikunywa chai yake.

Tarehe 22

Nimeuliza Thierry kama inawezekana kutoa mupini. Alielewa haraka kuliko nilivyofikiri.

“Mafundisho yote ya Mama yamekaa pahali pamoja. Ile ya vidole pia, aliiweka humo isipotee. Nikiyahamisha kwa kle, kile kidude kidogo cha kuchomeka, na kuyafuta hapa, mashini inabaki kama mutoto. Itaandika, lakini haitajua kitu.”

“Na kle?”

“Kle ndiyo mupini.”

Halafu akafunga mulango wa kibanda, akasema chini chini.

“Papa, naweza kukuachia kopi. Hakuna muntu atajua. Wao watazika kle, wewe utakuwa na yako.”

Nikasema nitafikiri.

Tarehe 23

Ninafikiri.

Tarehe 24

Kopi ni kitu kidogo, haina hata uzito. Ingekaa ndani ya kopo la sukari. Mama Agnès hasomi. Isidore iko mbali. Chancelle hangeuliza.

k mbili. Nimekula.

Mwezi wa tatu, tarehe 5

Mvua zimeanza kuwa fupi. Ku port tumeshusha mahindi toka Kigoma. Mabega yanauma.

Tarehe 12

Matanga ni kesho kutwa. Nilipeleka mashini kwa Thierry afanye kazi. Mbele ya kuanza akaniuliza kama nataka kuipiga mara ya mwisho. Nikasema ndiyo. Tukatazama sote wawili. Mpala. Inafuta. Kalemie.

Nikamuambia kitu nilikuwa sijamuambia muntu. “Thierry, muke wangu hakutaka kukaa hapa. Vidole vyake vinasema.”

Akanigeukia. “Nani amekuambia?”

“Si unaona?”

“Papa, mimi nilikuwa hapa siku ile aliishikisha. Nilikuwa nimekaa hapo kwa karatasi. Alipomaliza akaipiga kuijaribu, akaona Mpala inatokea na kufutika. Nikamuambia, Mama, kuna kosa, ishikishe upya, ni dakika moja. Alicheka sana. Akasema, acha hivyo. Akasema, hiyo njo njia nilipitia. Nilitoka Mpala, nikafika Kalemie. Mashini inasema kweli.”

“Alisema hivyo?”

“Alisema hivyo. Na kila ikiandika alikuwa anangoja mpaka mwisho. Sisi wengine tungeruka. Yeye hapana. Alikuwa anapenda ile sehemu inafika.”

Nilitoka inje kidogo. Soko lilikuwa linafunga, wamama wanabeba mabeseni. Miezi hii yote nilikuwa natazama ile inafutwa. Sikuwa natazama ile inabaki.

Nikarudi ndani.

“Toa,” nikasema.

“Na kopi?”

“Hapana. Alifika.”

Thierry akachomeka kle. Haikuchukua muda. Nilidhani mashini italia, itafanya kitu. Haikufanya kitu.

Tarehe 14

Siku ya matanga. Nitaandika vile nilivyoona.

Walikuja watu wa Mpala, watu wa kibanda, watu wa port. Doudou alileta mufuko wa unga kwa kichwa, hakusema muchezo hata mumoja. Walininyoa. Walinimwagia maji ya majani. Maji yalikuwa baridi.

Mama Agnès alikaa chini kwa mukeka. Akaletewa jembe. Ule mupini wa Florentine uling'aa kama mufupa. Akaligonga kwa jiwe, mara moja, mara mbili, chuma kikatoka. Akakiweka kwa mapaja ya Chancelle. Mupini akaulaza pembeni.

Halafu akasema, “Leteni ile ingine.”

Nikaleta mashini, nikaiweka juu ya kiti mbele ya watu wote. Nikamupa kle. Aliishika, akaipima kwa kiganja, akaniangalia.

“Hii?”

“Hiyo.”

“Yote imo?”

“Yote.”

“Tuonyeshe kama huko imetoka.”

Nikafungua mashini. Nikapiga F5. Hakuna. Nikapiga k mbili na nafasi. Zikabaki k mbili. Nikapiga F6.

Kijiti kilikaa pale pale. Kikawaka. Kikazima. Kikawaka.

“Tena,” akasema Mama Agnès.

Nikapiga tena. Hakikusonga.

Chancelle akalia. Tangu mama yake afe sijamuona kulia kwa sauti, alikuwa anatoka inje. Leo alilia kama muntu anatapika, na wamama wakamushika, na hakuna muntu alimuambia nyamaza.

Isidore akachukua mupini na kle. Akavifunga pamoja ndani ya kipande cha kikwembe cha dada yake, cha kijani. Akafunga na kamba. Kilikuwa kifurushi kirefu. Akakibeba kwa mikono miwili, vile wanabeba mutoto mudogo. Akasimama mbele yangu.

“Bwato linaondoka kesho,” akasema. “Shemeji, kuko nafasi.”

Kazini simenti ilikuwa inangoja.

“Nakuja,” nikasema.

Tarehe 21

Nimerudi. Chancelle ameniazima mashini yake. Ni yake sasa, anaifundisha mambo ya mikate.

Mpala ni padogo. Kuko misioni ya zamani, kuta nene, miti, mitumbwi kwa muchanga. Bwato lilitikisa, nilitapika, Isidore alinishika shati. Makaburi yao yako juu, unaona maji yote. Tulichimba kati ya mama na baba. Isidore alinipa kifurushi nikiweke mimi. Nikashuka, nikakilaza. Sikujua watu wanasema nini kwa kitu kama hicho. Nikasema, “Tumefika.” Tukafukia.

Princesse, mutoto wa Isidore, alipika samaki. Akaniuliza mbona sikuja zamani. Nikamuambia kazi. Akasema, “Kazi haiishi, Papa.” Ni maneno ya shangazi yake kabisa.

Tarehe 30

Mvua imekwisha. Vumbi imeanza kwa barabara.

Leo nilirudi toka port. Chancelle alikuwa anahesabu mikate, hakuinua kichwa. “Papa, kula kwanza,” akasema. Nikasimama mulangoni. Yeye hakujua kama amesema kitu.

Nikala. Nikakaa kwa mashini. Nikataka kuanza ukurasa upya, na mahali na tarehe juu, kama barua. Njia ya mukato hakuna tena. Ni herufi moja, moja.

Nikaenda juu, kuume kabisa. Vidole vyangu vikaandika Mpala.

Nikatazama. Chancelle alikuwa amekuja nyuma yangu, nilisikia pumzi yake.

Nikafuta, a, l, a, p, M, pole pole. Nikaandika Kalemie. Nikangoja mpaka mwisho.